Mkono Pembeni mwa Picha

Wanafunzi sita wa upigaji picha walikuwa na ukuta mmoja wa kutundika kazi zao. Ukuta huo ulikuwa katika ukumbi wa mji, na mwalimu wao, Mwalimu Kidanka, alikuwa ameuhangaikia kwa karibu mwaka mzima. Alipopata kibali aliwaita, akawakabidhi ufunguo. Aliwaambia kwamba maonyesho ni yao na yeye hataingilia. Wapange wenyewe watakachoonyesha, na kila jina litakalowekwa ukutani liwe la mtu aliyekubaliwa na wenzake wote. Kisha akasafiri.

Wakamchagua Zilipa awaongoze. Alikuwa binti wa fundi cherehani, mwenye jicho kali na asiyepoteza muda, na akizungumza wenzake walinyamaza. Walikutana darasani alasiri tatu mfululizo. Siku ya kwanza walikubaliana kwamba maonyesho yaitwe "Jasho la Mji". Siku ya pili walikubaliana kwamba kila mtu aweke picha moja tu, na zote ziwe za ukubwa mmoja, ili asiwepo wa kuwafunika wenzake. Siku ya tatu Zilipa alileta sharti lake mwenyewe. Chuo kilikuwa na kamera mbili tu, kwa hiyo wangetoka wawili wawili, kila wawili siku yao moja, na atakayerudi bila picha ya kutosha jina lake liondolewe. Alisema kwamba mtazamaji akiingia ukumbini hataonyeshwa huruma zao, ataonyeshwa picha. Wote wakanyoosha mikono kukubali, na Eliasafi naye akanyoosha.

Eliasafi alikuwa kijana mrefu, mzito wa maneno, ambaye picha zake hazikuwa mbaya wala hazikuwa nzuri. Kura ilimwangukia kutoka pamoja na Zilipa.

Siku yao ilipofika walipanda kilimani, kule wanawake wanakogonga kokoto. Mji ule umejaa mawe, na watu wengi wanaishi kwa kuyavunja. Waliomba ruhusa ya kupiga picha, wakaruhusiwa kwa vicheko. Zilipa alimchagua mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Hongoa, aliyekuwa amekaa chini ya kivuli cha magunia, miguu ameinyoosha, nyundo mkononi. Alimpenda kwa sababu ya uso wake, uliokuwa na mistari mingi na utulivu mwingi.

Ilipata saa nne hivi mwanamume mmoja alipokuja akikokota baiskeli. Alisimama mbele ya Mama Hongoa bila kumsalimu. Wanawake waliokuwa karibu waliona kwamba hakusalimu, wakaacha kugonga. Yule mtu akasema kwamba Hongoa, kijana aliyekwenda kuchimba dhahabu, ameangukiwa na kifusi, na kwamba walipofanikiwa kumtoa alikuwa ameshakata roho.

Nyundo ilimtoka mama mkononi. Akainuka, akatembea kuelekea kwenye genge, mahali ambapo kilima kimechimbwa kikabaki wima. Hakufika. Hatua chache kabla ya ukingo alipiga magoti, uso ukiwa juu, mdomo wazi, bila sauti. Zilipa alikuwa mbele yake, kamera ikiwa jichoni. Aliona kwamba mwanga ulikuwa umekaa mahali pake hasa. Akapiga. Akapiga tena, na tena.

Eliasafi aliweka kamera yake juu ya mawe bila kuangalia anaiweka wapi. Alikwenda akapiga magoti kando ya yule mama, akamshika bega, akamzuia asiinuke kuelekea gengeni. Alikaa hivyo hata wanawake wengine walipofika. Kisha alishuka pamoja nao kumpeleka mama nyumbani, na akabaki msibani hadi jua lilipoelemea magharibi, akichota maji na kufunga turubai. Kamera yake iliokotwa na Zilipa, akairudisha chuoni. Ndani yake mlikuwa na picha tatu za asubuhi: karai, rundo la kokoto, na karai tena, limekaa upande.

Msimfikirie Zilipa kuwa alikuwa na moyo wa jiwe. Siku ile chakula hakikumshuka. Lakini kesho yake alipoifungua picha kwenye kompyuta ya chuo, alihisi kitu ambacho angeona haya kukiita furaha. Uso wa yule mama ulikuwa umesema yote. Kasoro ilikuwa moja tu: upande wa kulia mkono wa mwanamume ulikuwa umeingia ndani ya picha, mkono mkubwa wenye vumbi, umeshika bega. Mkono ule ulivuta macho. Ukiwapo, mama alikuwa mtu mwenye mwenzake. Usipokuwapo, alikuwa peke yake na msiba wake chini ya anga zima, na picha ilitisha. Zilipa akaukata upande ule.

Walipokutana tena kuchagua, kila mmoja aliweka picha yake mezani. Ya Zilipa ilipowekwa, wakakubaliana mara moja kwamba hiyo itakaa katikati ya ukuta. Zamu ya Eliasafi ikafika. Akaweka picha ya karai. Mmoja wao alisema labda wamwangalie kwa jicho jingine, kwa kuwa siku ile alikuwa na mambo ya msiba. Zilipa akajibu kwamba wote walikuwa na mambo, na kwamba sharti ni sharti, na Eliasafi mwenyewe alilinyooshea mkono. Eliasafi aliwatazama mmoja mmoja, akauliza kama ndivyo wanavyoona wote. Wakasema ndivyo. Akasema sawa. Kisha akauliza ni nani atakayetundika, maana ngazi ya ukumbi imevunjika na wao ni wafupi.

Ndiye aliyezitundika zote tano. Alipima kwa uzi, akagonga misumari, akasogea nyuma kutazama, akarudi kurekebisha. Alipofika kwenye ile ya katikati alisimama mbele yake kitambo. Zilipa aliutazama mgongo wake, akasubiri. Eliasafi akainyoosha fremu iliyokuwa imelala kidogo kushoto, akashuka kwenye kiti, akaokota nyundo akaenda zake.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Wazazi walikuja, walimu walikuja, na mgeni rasmi akaja na msafara wake. Eliasafi hakuonekana. Watu walizipita zile picha nyingine nne kwa mwendo wa kawaida, lakini kwenye ile ya katikati walisimama. Mgeni rasmi naye alisimama hapo, akavua miwani, akasema mbele ya wote kwamba picha hii itakwenda kuonyeshwa jiji kuu, na aliyeipiga aandike jina lake.

Hapo ndipo Mama Hongoa alipoingia, amejifunga kaniki, amefuatana na jirani yake. Mtu alikuwa amemwambia kwamba sura yake iko ukumbini. Zilipa alipomwona alidhani amekuja kumsuta, akaanza kupanga maneno ya kujitetea: kwamba waliomba ruhusa, kwamba picha inamheshimu. Watu wakampisha mama. Akaitazama picha bila kulia. Kisha akasogea kulia, akachungulia ukingo wa fremu, akaugusa kwa vidole, kama mtu anayetafuta mlango.

Zilipa akamwamkia. Mama akaitikia vizuri, kwa sauti ya chini.

"Sikuja kujitazama, mwanangu," akasema. "Siku ile macho yangu hayakuona kitu, lakini kuna mtu alinishika. Asingenishika, ningejitupa gengeni. Majirani hawamjui, wanasema ni kijana wa picha. Nimekuja nimwone. Mbona hapa niko peke yangu?"

Mgeni rasmi alikuwa bado ameshika miwani yake mkononi. Zilipa alilijua jibu, na alijua kwamba akilitaja jina, ataulizwa kwa nini halipo ukutani, na akijibu hilo, ataulizwa kuhusu picha. Akasema, "Hayumo kwenye maonyesho haya, mama."

Lilikuwa neno la kweli. Mama Hongoa aliinamisha kichwa, akamshukuru, akatoka taratibu na jirani yake. Watu wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi, na Zilipa akaandika jina lake mahali alipoonyeshwa.

Siku mbili alikaa na lile neno la kweli, likamlemea kuliko uongo wowote aliowahi kusema. Siku ya tatu aliichapisha picha nzima, jinsi kamera ilivyoiona, akapanda nayo kilimani. Mama Hongoa alikuwa amesharudi kwenye kazi yake. Zilipa alikaa chini, juu ya mawe, akampa picha. Akamwambia mkono ule ni wa nani, na nani aliyeukata, na kwa nini. Akamwambia pia kwamba wakati mwenzake anamshika, yeye alikuwa anaangalia mwanga. Hakujitetea.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akafuta kiganja chake kwenye kanga, akakilaza juu ya picha, akaufunika uso wake mwenyewe, ukabaki ule mkono tu. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza jina. Zilipa akamtajia, na mama akalirudia mara mbili, polepole, ili lisimpotee.

Zilipa aliandika barua kwa mgeni rasmi, akaomba kwamba ikiwa picha itakwenda jiji kuu, iende ile nzima, na chini yake yawepo majina mawili. Alijibiwa kwa adabu kwamba ile nzima haina nguvu, na nafasi ile ikaenda kwa mtu wa mji mwingine. Aliisoma barua hiyo, akaikunja, akaenda kumtafuta Eliasafi. Alimkuta amekaa na Mama Hongoa chini ya kivuli cha magunia, wanakula viazi. Mama akamsogezea mahali pa kukaa.

Basi ninyi mnaonisikiliza, wanafunzi wawili walikwenda kilimani siku moja, kwa mwanamke mmoja, kila mmoja na kamera yake. Ni yupi kati yao aliyemwona?