Hedifoni Iliyoshuka Kisimani

Zimeni simu zenu. Kama hamwezi, zigeuzeni kifudifudi, maana hadithi hii ina simu yake na inawatosha wote mliokaa hapa, pamoja na yule aliyejibanza nyuma akijifanya hasikilizi. Mwishoni mtaulizwa swali. Na nyinyi wenye vyeti ukutani msidhani mmeshafaulu.

Walikuwapo watu watatu, na wa nne alikuwa shimoni.

Wa kwanza ni Nkwabi. Kipaji chake kilikuwa vyombo. Mletee redio iliyokufa, ataifufua. Mletee simu iliyotumbukia chooni, ataiosha, ataikausha na itaimba. Alikuwa na kipaji cha pili cha kujisifu, lakini hicho hakuna aliyekiomba.

Wa pili ni Gamaya, mjomba wake Luhende. Kipaji chake kilikuwa mikono. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato, na akishika kamba, inayochoka ni kamba. Hakujaliwa mtoto, wala maneno mengi.

Wa tatu ni Milembe, mke wa Luhende, mfinyanzi. Kipaji chake kilikuwa sikio. Akikigonga chungu mara moja kwa kidole, alikuonyesha ufa ulipo kabla jicho halijauona. Wateja walisema ana dawa. Hana dawa. Ana sikio.

Wa nne ndiye Luhende, mchimba visima. Katika hadithi hii yeye hana kipaji. Kazi yake ni kuokolewa, na hata hiyo ilikaribia kumshinda.

Basi Luhende, Nkwabi na mjomba Gamaya walikuwa wakichimba kisima katika kijiji kimoja cha Usukumani, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka nyumbani kwao. Luhende chini, Gamaya juu kwenye kamba, Nkwabi akimwaga udongo na kuongea. Wachimbaji hao walikuwa na lugha yao ya kamba. Ukiitikisa mara moja, vuta ndoo. Mara mbili, teremsha. Mara tatu, acha kila kitu unitoe. Kwa hiyo aliye juu haiachi kamba hata akijikuna. Anajikuna kwa mkono wa pili.

Siku moja Nkwabi akaja na hedifoni isiyo na waya, ile kubwa inayokaa kichwani na kufunika masikio yote mawili. Aliipata imekufa, akaifufua. Akamvalisha Luhende kama anayemvika mfalme.

"Mwanangu, sikia hiyo! Ngoma kushoto, mwimbaji kulia. Shimoni humo hujawahi kuwa na kushoto wala kulia."

Luhende akasikiliza. Ni kweli. Futi thelathini chini ya ardhi alikuwa akisikia sururu na pumzi zake tu, kwa miaka tisa. Sasa alikuwa na bendi nzima.

Tatizo likawa mtandao. Simu ikiwa mfukoni mwa Luhende, haipati mtandao. Ikibaki juu, kisima kikizidi kina, hedifoni haiipati simu. Hapo Nkwabi akafanya jambo ambalo kusema haki lilikuwa la akili: aliitia simu ndani ya soksi, akaifunga kwa uzi mrefu, akaining'iniza katikati ya kisima. Juu yake mtandao, chini yake Luhende. Wimbo ukicheza na simu ikaingia, Luhende anabonyeza kitufe kwenye sikio na kuongea huku akichimba.

"Sasa hiyo habari ya kutikisa kamba ni ya mababu," Nkwabi akasema. "Akitaka kutoka si atapiga simu?"

Gamaya akamtazama. Akaitazama kamba. Siku ya kwanza aliishika hivyo hivyo. Siku ya pili aliishika kwa mkono mmoja. Siku ya tatu akaifunga kwenye nguzo, akaenda kivulini kucheza drafti na Nkwabi kwa vizibo vya soda.

Mnacheka? Ngojeni.

Siku ya sita kisima kilikuwa na futi arobaini na tano. Ilikuwa saa nne asubuhi. Luhende alikuwa akiongea na Milembe, kama alivyokuwa akifanya kutwa nzima tangu hedifoni ije, hata ukitaka kumpigia kutoka juu unaambiwa simu inatumika. Siku hiyo walikuwa wakigombana juu ya chungu cha maji ambacho Luhende alikuja nacho kazini.

"Kinavuja," Luhende akasema.

"Chungu changu hakivuji. Umekigonga na sururu."

"Sijakigonga. Kimevuja chenyewe."

"Chungu hakina hasira, Luhende, kivuje chenyewe!"

Luhende akacheka. Kicheko kikamtoa jasho. Kichwa kikaanza kumgonga, pumzi zikawa fupi. Luhende alijua ni nini: hewa mbaya, ile nzito inayolala chini ya shimo, haina harufu wala rangi. Akaishika kamba, akaitikisa mara tatu.

Kamba ikaiambia nguzo. Nguzo haikumwambia mtu.

Akangoja. Katika akili yake iliyokuwa imeanza kuyeyuka, aliona ameshasema, na kwamba anavutwa. Akakaa chini apumzike kidogo, akaegemeza kichwa ukutani.

"Kinavuja," akasema.

Huko nyumbani Milembe alikuwa na udongo mikononi na simu imebanwa begani. Akaacha kufinyanga. Sauti ile aliijua ikiwa nzima, na sasa haikuwa nzima.

"Luhende, uko sawa?"

"Kinavuja."

"Sijakuuliza chungu. Uko sawa?"

"Kinavuja," akasema mara ya tatu, kwa sauti ile ile, na mwisho wa neno ukaanguka kama kitu kilichoachiwa.

Milembe hakukata simu. Mngekata, nyinyi, mkaanza kumpigia huyu na yule. Yeye alivuka uani mbio, akampokonya jirani simu yake, akaiweka sikio la pili na kumpigia Gamaya kwenye kisimu chake cha tochi.

"Shikamoo mjomba, mtoe Luhende!"

"Marahaba," Gamaya akasema, na alipomaliza kuitikia vizibo vya drafti vilikuwa tayari vimemwagika.

Walifika mdomoni mwa kisima wakapiga kelele. Luhende hakuinua kichwa. Ile hedifoni aliyoipenda kwa sababu inazima kelele ya nje, ilikuwa imezizima na zao. Nkwabi akavua viatu ashuke.

"Vaa," Gamaya akasema. "Ukishuka nitakuwa na wawili wa kuvuta, na wa pili nitamvuta nimzike."

"Mjomba, mimi niko sikioni mwake," Milembe akasema kwenye kisimu. "Mniache niongee naye. Lakini sauti inakatika! Mfanyeni anisikie!"

Luhende alikuwa amekaa, kichwa chini, na hedifoni ilikuwa ikiipoteza simu. Nkwabi akalala kifudifudi ukingoni na kuushika ule uzi. Akaiteremsha soksi futi tano: mtandao ukafa, akasikia Milembe akilia "haloo, haloo" kwenye kisimu cha Gamaya, kilicholazwa ukingoni spika ikiwa wazi. Akaipandisha futi tatu: mtandao ukarudi, Luhende akapotea. Akaiteremsha tena, sasa kwa upana wa vidole, mdomo wazi, akiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Ilikuwapo sehemu moja tu, ndogo kuliko kiganja, ambapo mtandao ulifika na Luhende alisikia. Akaipata. Akabaki pale, uzi umemkaza vidole, haruhusiwi hata kupiga chafya.

Kilichomfikia Luhende, kushoto na kulia kwa pamoja, ni sauti ya mkewe.

"Simama."

"Nalala kidogo."

"Utalala nyumbani. Simama."

"Nimechoka, Milembe."

Hapo Milembe akaacha kubembeleza. "Ndiyo, lala! Nitawatangazia ukweni kwamba ulikigonga chungu na sururu, ukaogopa kupanda juu kunionyesha ufa!"

"Sijakigonga!" Luhende akasema, na hasira ikamsimamisha.

"Basi njoo juu unionyeshe. Kitanzi cha kamba kiko wapi?"

"Hapa."

"Kipitishe kichwani. Mikono yote miwili. Kiko kwapani?"

"Kiko kwapani. Sijakigonga, Milembe."

"Mjomba, vuta!"

Gamaya alikuwa ameshaifungua kamba. Kila siku mtu huvutwa na wawili. Leo wa pili alikuwa amelala na uzi mkononi, na akiuacha tu, sauti inakatika na Luhende anakiachia kitanzi. Gamaya akavuta peke yake. Futi arobaini na tano, mtu mzima, mzito kama gunia lililolowa. Kamba ikala vile viganja vya kwato mpaka ikafika kwenye nyama. Katikati Luhende alianza kulegea, Milembe akamtukana ukoo wake wote, naye akashika tena. Gamaya alikita visigino ardhini. Alivuta, akakanyaga, akavuta, mpaka kichwa kikatokeza chenye hedifoni.

Walimlaza chini. Akapumua. Akatapika. Akafumbua macho, akakivua kile kitu masikioni, akasikia ndege.

Wiki mbili baadaye, baada ya kukiingizia hewa safi na kushusha kibatari kila asubuhi kuona kama kinawaka, kisima kilitoa maji. Na hapo, wasikilizaji, ndipo shida ilipoanza.

Wachimbaji wale walikuwa na desturi. Kisima kilichotaka kumbakiza mchimbaji hakipewi jina la kijiji wala la mwenye shamba. Kinapewa jina la aliyemtoa. Mchimbaji mwenyewe analiandika kwa msumari kwenye saruji mbichi ya ukingo, na watu watateka maji kwa jina hilo hata mchimbaji akiwa amekwisha kuoza. Jina moja. Mtu anaenda kuteka maji, haendi kusoma orodha.

Basi saruji ikapakwa. Luhende akapiga magoti na msumari wake. Kina mama wamesimama na ndoo. Milembe alikuwa amekuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwanangu, usisumbuke," Nkwabi akasema. "Herufi sita tu. Hedifoni ya nani? Soksi wazo la nani? Nani aliushika uzi mpaka vidole vikawa bluu? Bila mimi huyo mkeo angeongea na ukuta wa jikoni."

"Bila wewe nisingeifunga kamba," Gamaya akasema.

"Nilikushika mkono uifunge?"

Gamaya akavigeuza viganja vyake juu. Vilikuwa bado na vidonda. "Uzi ulibeba soksi," akasema. "Kamba ilibeba mtu." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na mimi sina mtu mwingine atakayebaki na jina langu."

Mama Holo wa kamati ya maji akaweka ndoo chini. "Kama mlikuwa mkicheza drafti wote wawili, aliyesikia ni mmoja. Andika mkeo, baba, tuteke."

"Mkewe!" Nkwabi akaruka. "Mkewe ndiye aliyemshikilia kwenye simu kutwa! Laini ingekuwa wazi, si angenipigia mimi mwenyewe niliyekuwa hatua kumi? Kwanza nani aligombana naye mpaka asijisikie anakufa?"

Watu wakamgeukia Milembe. Akajifuta vumbi.

"Ni kweli niliishikilia laini," akasema. "Jina sililii. Andikeni la mtu yeyote. Ila mkiandika la mwingine, mumuulize: asubuhi ile, kabla sijampigia mjomba, yeye alikuwa amesikia nini?"

Gamaya akavifumba viganja vyake.

Luhende akautazama msumari. Alikuwa amewaza usiku na mchana, na kila alipomshika mmoja, mwingine alimponyoka. Akiandika Nkwabi, ameandika jina la aliyesema kamba ni ya mababu. Lakini bila ule uzi hakuna neno ambalo lingemfikia. Akiandika Gamaya, ameandika jina la aliyeiacha kamba. Lakini sauti na uzi havikumpandisha hata futi moja, na mzee yule hatakuwa na kaburi lenye mjukuu. Akiandika Milembe, watasema kaogopa kulala nje. Lakini wale wawili wangemaliza drafti yao vizuri kabisa, na yeye angekuwa chini anawasubiri mpaka leo.

"Baba, saruji inakauka!" Mama Holo akapiga kelele.

Ilikuwa inakauka kweli. Jua lilikuwa utosini, na pembezoni ile rangi nyeusi ya saruji mbichi ilikuwa imeanza kuwa kijivu. Watatu wakamwinamia. Luhende akashusha msumari mpaka ncha ikagusa.

Hapo ndipo tunamwacha, amepiga magoti.

Usiniambie "aandike wote watatu". Hilo jibu la woga, na nafasi ni ya jina moja. Usiniambie "aandike hedifoni"; kitu kile kilimziba masikio kwanza kabla ya kumfungulia, na hakinywi maji. Na wewe unayetaka kusema "inategemea", nenda ukakae na Nkwabi.

Msumari uko mkononi mwako, saruji inakauka, na wote watatu wanakuangalia usoni. Je, wewe ungeandika jina la nani?