Gari Lililoinuliwa Nyuma

Wapendwa, wekeni vitabu vya nyimbo pembeni kidogo. Kabla hatujaimba tena, kuna bwana mmoja nataka mumfahamu.

Alikuwa mtu wa milimani, mtu mwema tu, si mlevi, si mkorofi. Alikuwa na gari la porini la zamani, yale magari magumu ambayo mbele kuna kiti cha dereva na kiti cha mwenzake, na nyuma kuna mabenchi mawili ya kutazamana. Kijiji kizima kililitegemea. Mama akishikwa na uchungu, aliteremshwa nalo hospitali. Vitunguu vilishuka nalo sokoni, mabati ya shule yalipanda nalo, na waliofia mbali walirudishwa nalo nyumbani kuzikwa.

Sasa chuma nacho huchoka. Springi za nyuma, yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine ili yabebe uzito, zilikuwa zimelala kabisa. Springi nzima hupinda kama upinde. Zile zilikuwa zimenyooka kama rula. Kwa hiyo gari lilikaa nyuma chini, pua juu, kama mbwa aliyeketi mlangoni anasubiri mfupa. Vijana wa pale stendi walimchokoza kila akipita. "Mzee, hilo gari linasafiri au limepumzika?" Naye anacheka, anawapungia mkono, anakwenda zake. Mama Nakiete, wewe unacheka, lakini gari la namna hiyohiyo ndilo lililokuleta hapa siku ya harusi yako, na shela lote likajaa vumbi.

Alikuwa anacheka, narudia, mtani akitania. Maana ule ulegevu haukumkosesha usingizi. Watu wakipanda, nyuma ilizidi kushuka, na kila penye shimo tairi ilikwaruza bodi, krrr! Akisikia hivyo anapunguza mwendo, anapaza sauti, "Jamani, mmeumia?" Wanamjibu, "Hatujaumia, baba, twende taratibu." Basi anakwenda taratibu. Miaka yote hiyo hakumwagia mtu hata debe la maharage.

Kisha akachaguliwa.

Mnayajua mambo ya kuchaguliwa. Usharika wao ulimchagua awe mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Kusimikwa kungefanyika kule mjini, bondeni, katika kanisa kubwa, mbele ya mkuu wa jimbo na wageni wake. Habari njema, sivyo? Njema kabisa. Lakini siku chache baadaye akapita pale stendi, kijana akamtania utani uleule wa siku zote, na safari hii bwana yule hakucheka. Alikunja uso. Akafika nyumbani, akasimama uani, akalitazama gari lake kutoka ubavuni, akaona aibu. Mwenyekiti mzima, nitaingiaje mjini na kitu kilichochuchumaa namna hii?

Akaenda gereji.

"Fundi, nataka nyuma inyanyuke."

"Inyanyuke kiasi gani, mzee?"

"Inyanyuke mpaka watu waseme."

Fundi yule alikuwa hodari, na alijijua kuwa ni hodari. Akajifuta mikono akisema, "Mzee wangu, unaniachia limechuchumaa, utalikuta limesimama kama askari wa gwaride." Na kweli, alifanya kazi. Alilipiga jeki, akafungua springi, akazipeleka kwa mhunzi zikapindwa upya, akaongeza kila upande bapa nene la lori, akafunga na shokomzoba ndefu. Aliposhusha jeki, gari lilibaki juu. Watu wa gereji wakapiga miluzi. Mwenye gari alilizunguka mara hii, akalizunguka mara ile, mikono nyuma, moyo umejaa.

Wakalijaribu. Nataka msikilize walivyolijaribu. Walilipeleka kwenye uwanja wa mpira, likiwa tupu, dereva na fundi tu, wakalikimbiza, wakakanyaga breki. Likasimama papo hapo! Wakarudia, likasimama. Fundi akasema, "Umeona?" Mwenyewe akasema, "Nimeona." Wakapeana mikono. Sasa nawauliza ninyi, gari lile kazi yake ilikuwa kukimbia tupu uwanjani? Si lilikuwa la kubeba watu mlimani? Lakini ndivyo tulivyo, kitu tukishakitengeneza tunakijaribu pale ambapo hakina kazi, kikifaulu tunapiga makofi.

Siku ya kusimikwa ikafika. Bwana yule akavaa shati jeupe na tai, na koti la suti jipya akalitandaza juu ya kiti cha mbele ili lisikunjike. Kiti kile, wapendwa, kilikuwa cha mama yake. Tangu gari lije kijijini, bibi yule alikaa pale mbele, kwa sababu miguu yake haikuwa na nguvu. Akafika amevaa kitenge chake kizuri, akafungua mlango wa mbele, akakuta koti.

"Mama, leo kaa nyuma na wenzako wa kwaya," mwanawe akamwambia. "Hilo koti likikunjika nitachekwa."

"Haya mwanangu," mama akasema. "Lisikunjike."

Wala hakununa. Akazunguka nyuma. Na kwa kuwa gari lilikuwa limepandishwa, kidato cha kukanyagia kilikuwa juu kupita goti lake. Wanawake wawili walimshika kwapa, mwingine akamsukuma, wakampandisha. Akakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, palipokuwa na nafasi. Koti limekaa mbele, mama amekaa nyuma. Tazameni mambo hayo! Na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu ilikuwa siku kubwa.

Wakaanza kuteremka. Lo, gari lilikwenda! Halikukwaruza popote. Shimo lililokuwa likimfanya apunguze mwendo alilipita kama halipo. Akajisemea, kumbe miaka yote nilikuwa najitesa bure. Akaongeza mwendo. Huko nyuma kina mama walianza na wimbo, na zile springi ngumu zikawa zinawarusha hadi vichwa vinagonga turubai. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Dereva akadhani wamechoka. Mmoja akaita, "Baba, punguza!" Hakusikia, mawazo yake yalikuwa kanisani, anapanga namna atakavyosimama mbele ya mkuu wa jimbo. Wakapiga bodi kwa viganja, wakapiga kwa nguvu zote, pa! pa! pa! Mnajua alidhani nini?

Alidhani wanapigia wimbo. Na yeye akaanza kuuimba.

Wakafika kwenye mteremko mkali, ule wenye kona kali chini yake na bonde upande wa kulia. Akakanyaga breki. Gari likapungua kidogo, likaendelea. Akakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaingia kutoka tairi za mbele, na pedeli ikalainika chini ya kiatu chake. Akaikandamiza mpaka mwisho, gari linakwenda tu. Kulia ni bonde, kushoto ni ukuta wa udongo. Akakata usukani kushoto, gari likagonga ukuta, likainuka upande mmoja, likasimama. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka lilipogonga.

Aliporuka chini aliwakuta kina mama wamelaliana sakafuni, wanalia, hai. Akahesabu sura kwa macho. Mama yake hayumo. Alikuwa barabarani, hatua chache nyuma ya gari, kitenge kimejaa vumbi, hasogei.

Hakufa. Nawaona mnashusha pumzi. Ngojeni kwanza, msishushe.

Gari lililopita njiani liliwachukua majeruhi, na yule bibi akapelekwa hospitali, nyonga imevunjika, mwanawe akabaki barabarani na gari lake. Fundi alipopata habari alipanda mlima kwa pikipiki. Akalala chali chini ya gari, akakagua kifaa kimoja kimoja. Alipotoka, ule uhodari wote ulikuwa umemwisha.

"Mzee, breki za nyuma hazikushika. Za mbele ndizo zilizobeba kazi yote, zikaungua."

"Ulizifunga vibaya?"

"Sikuzigusa. Hapo ndipo nilipokosea, sikuzigusa." Akashika kichwa. "Mzee, kuna kijifimbo cha chuma kinatoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye kifaa cha breki. Kazi yake ni kupima nyuma imeshuka kiasi gani. Ikishuka, kifaa kinajua kuna watu, kinapeleka nguvu ya breki nyuma. Ikiwa juu, kinajua gari ni tupu, kinaizuia ile nguvu ili tairi zisiteleze. Nilipoinua gari nilitakiwa nikirekebishe nacho. Nikasahau."

"Sijakuelewa. Sema vizuri."

"Nasema hivi, mzee. Kwa vile lilikuwa juu, lilijiona tupu. Mlikuwa mmejaa humo ndani, na gari halikujua kama limebeba mtu."

Bwana yule akakaa chini barabarani na shati lake jeupe. Alikuwa ameelewa, na alichokielewa hakikuwa habari ya gari tu.

Akaenda hospitali. Akamkuta mama yake amelazwa, mguu umevutwa kwa kamba na uzito, uso umekuwa mdogo. Akapiga magoti pale kitandani kuomba msamaha. Mama akamwekea mkono kichwani. Hakumkemea. Laiti angemkemea! Alimuuliza swali tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Mwanangu, tulikuita. Tulipiga bodi mpaka mikono ikatuuma. Hivi, ulijua kwamba tumo?"

Wapendwa, angemjibu nini? Angesema "nilijua", lingekuwa jambo baya kuliko ajali. Angesema "sikujua", ni mama yake, amemwambia mwenyewe akae nyuma asubuhi ile! Alilia mpaka muuguzi akaja kumwondoa. Na yule bibi hakuweza tena kutembea kwenda kanisani. Mpaka leo huletwa na wengine, na siku wasipopata gari, habari za ibada anasimuliwa.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kuinuliwa ni kosa. Springi zikilala lazima ziinuliwe, na gari la kijiji halina sababu ya kuburuta nyuma yake milele. Mungu humwinua mtu, na mtu akiinuliwa tunashangilia. Lakini mbona sisi tukiinuliwa hatukumbuki kurekebisha kile kitu kidogo cha ndani, kile kinachotuambia tumebeba nani? Ulipokuwa chini, uzito wa watu uliusikia mwilini. Mjane akikosa chumvi wewe ulijua, kwa sababu aliazima kwako. Sasa umepata cheo, umepata mshahara, umejenga, nyumba ina geti. Mashimo yale ya zamani unayapita huyasikii. Moyo wako unapima, unakuta uko juu, unasema hapa hakuna mzigo. Mke anaita, hujasikia. Mzazi kijijini anaita, unasema mtandao ulikuwa mbovu. Waumini wanagonga mpaka mikono inawauma, na sisi wachungaji tunadhani wanatupigia makofi.

Tena tunajipima tukiwa watupu! Tunasali peke yetu chumbani, tunajiona wapole, wavumilivu, watu wa Mungu. Nani asiye mpole akiwa peke yake? Upakie watu kwanza. Upakie mgonjwa wa mwaka wa pili, upakie mtoto aliyekushinda, upakie jirani mwenye maneno, kisha uteremke nao mlimani. Hapo ndipo tutakapojua kama breki zinashika.

Inatutisha habari hii, na itutishe. Maana yule bwana hakuwa mwovu. Hakumchukia hata mmoja wa wale waliokuwa nyuma yake. Alikuwa njiani kwenda kukabidhiwa watu wa Mungu, na wale aliokwisha kukabidhiwa alikuwa anawapeleka bondeni huku akiimba.

Sasa ninyi wazee wapya, mliokaa hapa benchi la mbele tangu asubuhi mkisubiri niwaite mje mpige magoti. Makofi mmepigiwa, picha mmepigwa, na jamaa zenu wamesafiri kuja kuwaona. Leo tunawainua, na tunawainua kwa furaha. Lakini kabla sijaweka mkono juu ya kichwa cha yeyote, simameni. Simameni wote. Msije kwangu kwanza, geukeni muwaelekee hawa walio nyuma yenu. Yule bibi pale mlangoni aliyekosa kiti, mnamwona? Wale kina mama wenye watoto, mnawaona? Waangalieni mmoja mmoja, hatuna haraka, mimi nitangoja.

Wamo.