Boti Iliyokataa Kumvusha Mzee Lusambo

Usimsingizie maiti, tazama propela. Mmenisikia nikimwambia Eliya maneno hayo leo mchana, alipodai kwamba kinanda cha kwaya kimelogwa, na sasa mmenifuata hapa uani kuuliza yametoka wapi. Kaeni. Methali hii ina kaburi lake, nami nimewahi kulipalilia. Aliyenisimulia ni mama yangu, ambaye alikuwemo botini, na ilizaliwa hivi.

Katika kijiji chetu cha zamani, kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi Mzee Lusambo, mwenye boti ya mashine. Propela ni lile panga lililozama nyuma ya boti, linalozunguka na kuisukuma. Mzee alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa na mabawa yaliyopinda kwa ukali, na kila ikizunguka ilimeza tonge kubwa la maji. Hiyo ilikuwa ya mbio, boti ikiwa tupu. Ya pili ilikula vitonge vidogo vidogo, lakini iliweza kusukuma boti iliyojaa magunia ya dagaa mpaka pomoni. Kila safari mzee alitazama mzigo kwanza, ndipo akachagua.

Wiki ya mwisho ya maisha yake alikuwa akimkimbiza mkunga kutoka kijiji hadi kijiji, wao wawili tu, kwa hiyo alifunga ile ya mbio. Asubuhi moja hakuamka.

Kwetu, chombo cha marehemu ndicho kilichompeleka kaburini, na hakikubadilishwa hata msumari mpaka azikwe. Tena mjane hakufungua kinywa mpaka udongo uliangukie jeneza. Desturi hizo mbili zilikuwa za heshima. Siku ile zilikutana botini.

Mzee alipaswa kuzikwa ng'ambo ya ghuba, kwa baba zake. Wakapakia jeneza, likawekwa juu ya sanduku lake la zana. Wakapanda waombolezaji, na unga, na masufuria ya matanga. Mjane, Yosefina, alikaa miguuni pa jeneza, amejifunika kaniki. Mbele alikaa Kalunde, mdogo wa marehemu. Kwenye mashine alikuwa Sadoki, mpwa wao, aliyetoka ng'ambo kumfuata mjomba wake na hakuwahi kuiendesha boti ile.

Kiangazi kilikuwa kinaisha, na moshi wa mioto ya milimani ulikuwa umelifunika ziwa. Jua la saa sita lilionekana jekundu, dogo, unalitazama bila kufumba macho. Maji hayakuwa na wimbi hata moja.

Walipoacha ufuko, mashine ikaanza kuguna. Pua ya boti ikainuka, tako likazama, lakini boti haikwenda. Sasa sikilizeni. Mzee Lusambo alikuwa na kikohozi cha miaka mingi. Kwanza aliguna, kisha kifua kikajaa, ndipo akakohoa. Sauti iliyotoka nyuma ya boti ilikuwa hiyo hiyo. Iliguna, ikajaa, ikakohoa moshi mweusi. Kina mama wakaacha kuimba, mmoja mmoja.

Kulia kwao palikuwa na jiwe jeupe lililotoka majini, mahali mamba walipoota jua. Wakaendelea, wakaomba, wakaendelea. Moshi ulipofunguka kidogo, jiwe lilikuwa pale pale kulia kwao.

"Anakataa," Kalunde alisema.

"Mjomba, labda mafuta yana maji," Sadoki alisema.

"Mafuta yana maji na kikohozi cha kaka yangu pia? Tupeni masufuria."

Wakatupa masufuria, na unga pia. Boti ikasogea kidogo, kisha ikaguna tena.

"Mmeona?" Kalunde alisema polepole. "Anachambua. Hataki vyombo. Anamtaka mtu."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Macho yote yalikuwa miguuni pa jeneza, kwa mjane, maana kifo cha ghafla hakikosi mtu wa kushukiwa.

"Sadoki, sogeza pale jiweni. Shemeji atashuka. Tukishazika tutarudi kumchukua."

"Mjomba, pale pana mamba."

"Kama hana hatia, mamba watajua."

Sadoki akaigeuza pua ya boti. Boti ikasogea kwa kuguna mpaka mwani wa kijani ukaonekana kwenye jiwe. Kando yake, kitu kilichodhaniwa kuwa gogo kilizama bila sauti.

Ndipo Yosefina alipofunua kaniki.

"Shemeji, anayeguna si mume wangu. Ni mashine yake imepaliwa."

Mwanamke mmoja akaziba masikio. Kalunde akasema, "Mjane hasemi."

"Nimekwisha sema. Nimepanda boti hii tangu nilipoolewa. Tumepakia mzigo juu ya propela ya mbio. Ya mzigo imo sandukuni."

"Sanduku la marehemu halifunguliwi kabla hajazikwa."

"Basi hatazikwa. Mnyanyueni mfungue. Isipokuwemo, nitashuka mwenyewe, wala usinishike mkono."

Kalunde akatazama jiwe, akatazama jeneza. Sadoki hakungoja. Aliinua mashine kutoka majini na kuitazama.

"Ni ya mbio, mjomba. Imepinda kama sikio."

Wanaume wakalinyanyua jeneza na kulipakata mapajani. Yosefina akafumba macho, akasema, "Ee Bwana Mungu, simama nami," akavua ufunguo shingoni. Tangu kifo sanduku halikufunguliwa. Ndani, juu ya zana zote, ilikuwepo propela ya mzigo, imefungwa katika shati jeupe la mzee la kanisani. Shati lilikuwa kavu. Sadoki alipolifunua, propela ilikuwa inadondosha maji.

Mama yangu aliyaona kwa macho yake matone yale. Mimi sisemi yalitoka wapi. Mungu anajua.

Sadoki akachomoa ile, akafunga hii, wote wakitazama maji kwa ajili ya lile gogo. Mashine ikawashwa. Haikuguna. Iliimba sauti nyembamba, sawasawa, na boti ikaondoka pole pole, bila kusimama, mpaka jiwe likamezwa na moshi nyuma yao. Njia nzima hakuna aliyemkataza mjane kusema, naye hakusema tena.

Walizika jua likiwa bado juu. Ilipofika zamu ya Kalunde kutupa udongo wa kwanza, kama ilivyompasa ndugu, aliuchota. Kisha akaumimina kiganjani mwa Yosefina, akawageukia watu.

"Kaka yangu hakukataa kuvuka," alisema. "Mimi ndiye niliyemsemea, na kidogo nimlishe mamba mke wake. Kawaambieni na watoto wenu: usimsingizie maiti, tazama propela."