Nusu ya Nusu

Waliosema bandu bandu huisha gogo hawakuwahi kukanyaga theluji ya Minnesota, kaskazini mwa Marekani, wala kuketi Jumapili katika ukumbi wa chini wa kanisa la huko. Wangeketi, wasingehitaji shoka wala gogo kuifundisha methali yao. Sinia moja la keki na kisu vingewatosha. Maana huko mtu mstaarabu hachukui kipande cha mwisho. Hukikata katikati akachukua nusu, na ajaye nyuma yake hukata nusu ya ile nusu, mpaka sinia linabaki na chembe ambayo hata sisimizi angeona haya kuibeba.

Arvid Tollefsrud, dereva mstaafu wa basi la shule, alikuwa bingwa wa kisu hicho. "Nusu tu," alisema asubuhi akinywa kahawa. "Nusu tu," alisema tena kabla ya chakula cha mchana, na baada yake, na jioni alipopita jikoni kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Tumbo lake sasa lilibisha hodi kabla yake. Hata barua, zilizoletwa kwenye sanduku mwishoni mwa njia ya shamba lao, alizifuata kwa pikapu.

Daktari alipomwambia kwamba sukari yake inapanda na moyo wake umeanza kulalamika, Arvid alishangaa kwa dhati.

"Daktari, mimi sijala kipande kizima cha keki tangu nibatizwe."

Lakini kilichomkosesha raha hasa hakikuwa sukari. Juni ile yeye na mkewe, Marlys, wangetimiza miaka hamsini ya ndoa, na Marlys alikuwa ameomba zawadi moja tu: wacheze pamoja polka moja, ile ngoma ya wawili ya kuzunguka ukumbi mbiombio, mwanzo hadi mwisho. Kwenye harusi ya mpwa wao mwaka uliotangulia, Arvid alizunguka ukumbi mara moja tu akaenda kutafuta kiti, jasho likimtiririka. Jirani yao Duane Pribyl, mgane mwenye miguu myepesi kama ya mbuzi, akaimalizia ngoma ile na Marlys. Marlys alirudi mezani mashavu mekundu, anacheka. Arvid naye alicheka, lakini wivu ulimkereketa rohoni.

"Nimwambie Duane aanze kung'arisha viatu?" Marlys alimtania Januari ilipoingia.

"Mwache mzee wa watu apumzike," Arvid alijibu, akakata nusu.

Alasiri moja Marlys alitoka kwenda kushona na wanawake wenzake, akaacha mezani sinia la keki ya chokoleti na karanga, bado la moto. Aliporudi alikuta ukanda mwembamba kama utambi.

"Mzee, keki imekwenda wapi?"

"Si hiyo hapo? Sijaimaliza."

Marlys akaliinua sinia mpaka dirishani kwenye mwanga. "Hii?"

"Nimebakiza. Adabu, mke wangu."

"Adabu kwa nani? Ulikuwa peke yako na paka."

Arvid akautazama ule ukanda. Akatazama sinia lilivyokuwa pana. Kwa mara ya kwanza akaziona nusu zake zote kwa pamoja, na aibu ikamshika, na nyuma ya aibu, hofu.

"Marlys," alisema kwa sauti ndogo, "na Juni nikishindwa?"

Marlys hakumgombeza. Alimletea koti lake. "Kalete barua. Kwa miguu."

"Kule kote? Kwenye theluji hii?"

"Nani kasema kote? Nenda nusu tu."

Arvid akamkodolea macho. Alikuwa amechinjwa kwa kisu chake mwenyewe. Akavaa buti, akafika kwenye ghala kuukuu lililokuwa katikati ya njia, akarudi anahema. Alipolizoea ghala, Marlys akamwongezea: nusu ile, na nusu ya iliyobaki.

"Kwa hesabu hiyo, mama, sandukuni nitafika siku ya kiama."

"Wewe kata tu. Kipande cha mwisho tutakula sote."

Akawa anakata. Keki ikahamia Jumapili peke yake, na hapo akala kipande kizima, ameketi, bila kujidanganya. Siku nyingine kahawa yake iliandamana na tofaa. Mikanda ya suruali ikaanza kudai matundu mapya. Betri ya pikapu ikafa kwa upweke. Asubuhi moja ya Aprili, barafu ikiyeyuka mitaroni, alipita kona ya mwisho akamkuta Marlys ameegemea sanduku la barua, amekunja mikono.

"Umechelewa," akasema Marlys.

"Nilikuwa nakata," akajibu Arvid, na wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Barua walizisahau sandukuni.

Juni ikafika. Kodiani ilipoanza kulia, Arvid akamwongoza mkewe katikati ya ukumbi. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Duane, aliyekuwa amesimama kando na viatu vinavyong'aa, akasogea.

"Arvid, nikupokee? Nusu tu."

"Leo hakuna nusu, Duane," Arvid alijibu bila kupunguza mwendo. "Leo nakula kipande kizima."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akazunguka na Marlys mpaka kodiani ikafunga mdomo. Alikuwa amelowa jasho, na alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea. Marlys akamwekea kichwa kifuani, akasikiliza moyo ukipiga kwa nguvu bila kulalamika.

"Si mbaya," akasema. Kwa watu wa Minnesota, hakuna sifa inayopita hiyo.

Wakapita karibu na meza ya keki. Kipande cha mwisho kilikuwa kimebaki, na wageni wamekizunguka na kisu, kila mmoja akikata nusu yake. Arvid akatabasamu, akapita. Nusu ndizo zilizomaliza sinia, na nusu ndizo zilizoimaliza njia ya kwenda sandukuni. Ama kweli, bandu bandu huisha gogo.