Mpunga wa Chumbani kwa Sultani

Hapo zamani, kuta za nyumba zilipokuwa hazijajifunza kutunza siri, palikuwa na Sultani, jina lake Mwinyi Makungu, aliyejijengea jumba kwa kipimo cha kichwa chake mwenyewe, mafundi asiwasikilize. Jumba likaisha, likapendeza, ila ukuta wa chumba cha kulala ukaanza kuloa. Chokaa ikavimba ikabanduka, kofia zikaota ukungu, na Sultani akawa anaamka shuka imemganda mgongoni.

Basi akaitwa mwashi hodari, Haji Ngwali. Akaugonga ukuta, akasema, "Bwana wangu, jumba lako limeingia maji."

Sultani akaghadhibika. "Jumba nililojenga mimi? Atakayetamka tena kuwa jumba langu lina maji, na wewe ukiwa wa kwanza, atalala ndani ya birika hata ukuta ukauke."

Na birika lenyewe, la kuwekea maji ya jumba, lilikuwa nyuma ya ukuta uleule. Haji akatiwa humo, maji kifuani, akalala wima kama mchi kinuni.

Mafundi wengine wakaja, wakachunga ndimi zao. Mmoja akasema kuna jini amefiwa, analia. Wa pili akasema, "Hilo ni jasho, bwana wangu. Ukuta unaona haya wewe ukivua kanzu." Sultani akamtunza kilemba, na ukuta ukazidi kuloa.

Sasa Haji alikuwa na mke, Kidawa, ambaye mji mzima ukimwita punguani kwa kuwa akiamkia hata mbuzi. Asubuhi moja alikwenda kumnywesha mumewe uji kwa upawa mrefu, akamkuta anakohoa, vidole vimekunjamana.

"Mke wangu, nikizidi humu nitaota magamba."

"Kunywa uji, bwana. Mimi leo nimekuwa tabibu wa kuta."

Akaenda chumbani kwa Sultani, akaunusa ukuta, akaulamba, akautegea sikio, akatikisa kichwa. Sultani akauliza, "Ukuta una nini?"

"Jina la ugonjwa silisemi, bwana wangu, limekatazwa. Ila dawa ninayo. Nipe kapu la udongo na kibaba cha mbegu za mpunga, nimwage hapa chini. Ukuta ukiwa mzima, dawa haitafanya kitu. Asiingie mtu hata nikuite."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea, akahamia barazani.

Basi mpunga ukanywa, ukashiba. Asubuhi ukachipua, adhuhuri ukafika goti, jioni ukatoa masuke, maana mambo ya zamani hayakuwa na subira. Vyura wakapata habari, wakahamia na jamaa zao. Ndege wakaingia dirishani, na Kidawa akapanda juu ya kitanda cha Sultani, akapiga sinia kuwafukuza. Kisha akamwita mwenye jumba.

Sultani akaja na waziri wake, akakanyaga, chwa!

"Kidawa, hili ni shamba?"

"Ni dawa, bwana wangu. Imekubali."

"Tangu lini mpunga ukaota chumbani?"

"Mimi punguani, sijui. Kwani wataka nini hata uote?"

"Huyu hajui hata hilo. Mpunga wataka maji!"

"Na hapa yapo?"

"Nawe kipofu? Si haya yamenifika vifundoni? Jumba langu limejaa maji!"

Chura akaitikia. Waziri akatazama dari. Sultani akajiziba mdomo, lakini neno lilikwisha toka.

"Mimi sikulitamka," akasema Kidawa. "Shahidi wangu waziri, na chura."

Sultani akanywea. "Nimeamuru mwenyewe. Nipelekeni birikani."

"Taratibu, bwana wangu. Mume wangu kulala na Sultani kitanda kimoja ni utovu wa adabu. Atolewe kwanza."

Akatolewa.

"Tena Sultani kuloa ni aibu yetu sote. Yamwagwe yale, atandikiwe godoro."

Basi watumishi wakachota wakamwaga, hata ukaonekana ufa, mpana kama kinywa cha mtu apigaye miayo, umeelekea moja kwa moja chumbani. Haji, bado anatetemeka, akachungulia. Akafungua mdomo, akamtazama Sultani, akaufunga.

"Sema, fundi."

"Naogopa, bwana wangu."

"Sema tu. Birika lina mtu tayari, nami ndiye."

"Ni maji, bwana wangu."

Sultani akashuka birikani, akajilaza juu ya godoro, akacheka. Na birika tupu likamrudishia kicheko, ikawa kama wanacheka masultani kumi. Humo akalala hata ukuta ukakauka kau, na Haji akauziba ufa.

Kidawa akafanywa tabibu wa kuta zote za mji, na mavuno ya chumbani yakawa yake. Alipoupika wali ule, aliyebisha hodi wa kwanza, sahani mkononi, alikuwa Mwinyi Makungu.

Hekaya imeiva, imepakuliwa. Ukoko ni wenu mliosikiliza.