Nyota Tano za Fisi

Sogeeni, sogeeni, na anayetafuna karanga atafune polepole, maana kisa changu kina kelele za kutosha.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto wa Pori la Kichangani ukabaki mchanga mtupu, na wanyama wakawa wanameza mate hadi mate yenyewe yakaisha. Afadhali walikuwa na simu. Msicheke! Walikuwa na kundi lao mtandaoni, msimamizi wake Nyani, na kwa kuwa, mbali na lugha ya pori waliyoelewana nayo wote wa Kichangani, kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, Nyani aliweka sharti: andika kwenye ukurasa wako lugha unazozijua, kila lugha uipe nyota. Nyota moja, unasalimia na kubahatisha. Nyota tano, umezaliwa nayo.

Simba aliandika Kisimba, nyota tano, akafunga simu. Lugha za wengine za nini? Wao ndio wajifunze yake. Sungura aliandika Kisungura nyota tano, Kindovu nyota moja. Na Fisi je? Weee! Kifisi tano, Kitwiga tano, Kikanga tano, Kimamba tano, Kindovu tano. Ukurasa ukawaka kama duka la sikukuu.

"Kaka Fisi, zote hizi umejifunza lini?" Sungura akamuuliza.

"Kipaji, bwana. Wengine tumezaliwa nacho."

Kumbe jamaa hakujua hata salamu! Akiandikiwa kwa lugha yoyote, alijibu kwa kile kidole gumba cha kukubali. Akialikwa, kidole gumba. Akitukanwa, kidole gumba. Wenzake wakamwona mstaarabu kupindukia.

Kiu ikazidi. Mtoto wa Mama Swala akawa hawezi tena kusimama. Wa kunusa maji chini ya ardhi walikuwa ndovu wa ng'ambo ya kilima tu, nao hawakujua lugha nyingine ila yao. Simba akatangaza kundini: "Atakayetufasiria maneno ya ndovu atakunywa wa kwanza, hata kabla yangu!"

Fisi kusikia kunywa wa kwanza, masikio yakamsimama. "Niko hapa, Mzee!"

"Mimi nina maneno machache," Sungura akasema, "lakini 'maji' nalijua, na 'wapi' nalijua..."

"Nyota moja!" Simba akanguruma. "Kaa kimya, mwenye tano anaongea."

Bibi Ndovu, mkubwa wa ndovu hao, aliyekwisha kuuona mto mkavu na ukurasa wa Fisi, akamtumia Fisi ujumbe wa sauti. Kwa lugha yao alisema hivi: "Maji yako mashariki, chini ya mwamba mweupe. Sisi tukichimba, uzito wetu unabomoa shimo. Achimbe mwenye makucha, na kwa mila yetu mchimbaji hunywa wa mwisho, asije akayachafua. Wewe mwenye nyota tano, utachimba?"

Fisi akatuma kidole gumba.

"Peke yako?"

Kidole gumba.

"Mpaka maji yatoke?"

Kidole gumba, tena kikubwa.

"Anasemaje?" Simba akauliza.

"Anasema... magharibi! Maji tele, Mzee, mpaka samaki wanalalamika!"

Basi msafara ukaenda magharibi kutwa nzima, wakakuta vumbi na kichaka kimoja cha miiba. Wakajikokota kurudi. Mama Swala alimwita mwanawe mara tatu ndipo akafumbua jicho, na mama akalia mbele ya wote bila haya.

"Ndovu ni waongo," Fisi akasema, akitazama pembeni.

Sungura hakungoja ruhusa ya mtu. Akashika simu na Kindovu chake kibovu: "Shikamoo, bibi. Maji wapi? Maji wapi? Maji wapi?"

Bibi Ndovu akashangaa. Si alikwisha kueleza? Akaona bora aende mwenyewe. Ardhi ikatikisika, huyo akatokea, akawapungia mkonga wamfuate. Mama Swala akamsukuma mwanawe kwa pua hatua kwa hatua, wakafika penye mwamba mweupe. Hapo bibi akainua simu yake, wote wakaona vidole gumba vitatu. Akamgusa Fisi kifuani. Akakwangua mchanga kwa mguu. Akamgusa tena.

Fisi akameza mate asiyokuwa nayo. "Huyu... sijui anataka nini."

"Hujui?" Sungura akaruka kwa furaha. "Si una nyota tano, kaka? Tufasirie!"

"Fasiri," Simba akasema, makucha nje.

Fisi akamtazama Bibi Ndovu, akautazama mchanga, akamtazama Simba.

"Anasema," akajibu kwa sauti ndogo, "Fisi achimbe."

Hiyo ndiyo tafsiri yake ya kwanza iliyokuwa sahihi, na pori zima likamshangilia mpaka kanga wakadondoka matawini! Akachimba. Akipumzika, Bibi Ndovu anamfokea neno moja la Kindovu. Akipumzika tena, neno lile lile. Jua likichwea, maji yakabubujika. Mtoto wa Swala akanywa wa kwanza, akapiga chafya, akasimama kwa miguu yake minne. Simba akanywa baada ya Sungura, na hakunguruma. Fisi akanywa wa mwisho, mkonga ukimlinda.

Nyani akamfutia nyota zake zote za uongo. Lakini siku hizi, mkifungua ukurasa wa Fisi, mtakuta Kindovu, nyota moja. Hiyo aliipata kihalali. Anajua kusema "chimba".