Magoti ya Bwana Ngiri

Nibishe hodi?
Bisha!
Nimekuja na ngano.
Ina chumvi?
Ina chumvi, na pilipili kidogo.
Basi tupakulie!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na kushtakiana, palikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima palikuwa na mashamba. Juu, kwenye nyufa za mawe, alikaa Bi Pimbi na watoto wake. Alikuwa mdogo, ukimfunika kwa kikapu humwoni tena. Chini bondeni alikuwa na shamba lake la viazi vitamu. Jirani yake wa shamba alikuwa Bi Kanga, mkulima wa njugu. Na mpakani, ndani ya shimo, alikaa Bwana Ngiri.

Bwana Ngiri ana pua kama jembe, lakini halimi. Ana shingo kama gogo, lakini halimi. Ana meno mawili yaliyopinda, ya kung'olea visiki, lakini halimi. Yeye husubiri wenzake walime.

Asubuhi moja akaingia shambani kwa Bi Kanga. Fuku, fuku, fuku! Akafukua njugu. Kacha, kacha, kacha! Akazila. Bi Kanga akapiga kelele mpaka koo likamkauka, kisha akaenda kushtaki.

Hakimu alikuwa Mzee Kobe. Wanyama walimchagua kwa sababu hana haraka, wakasema asiye na haraka hakosei. Walisahau jambo moja: nyumba ya Mzee Kobe iko mgongoni mwake. Hutembea nayo, hulala nayo. Tangu azaliwe hakuwahi kuibiwa hata kijiti. Na kwa mwendo ule wake, kila wizi ukitokea, yeye hufika mwizi ameshakula, ameshacheua, ameshalala.

Mahakama ilikuwa juu ya mwamba bapa. Karani alikuwa Hondohondo, kwa ajili ya sauti yake. Akapaaza: "Kooorti!" Wote wakasimama. Mzee Kobe akapanda taratibu, kwata... kwata... kwata.

"Ngiri, umekula njugu za Bi Kanga?"

Bwana Ngiri akapiga magoti ya mbele. Ti! Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa jiwe. "Nimekula, baba yangu. Shetani alinipitia."

Sasa sikilizeni vizuri. Mzee Kobe ni mfupi. Maisha yake yote amezungumza na miguu ya watu. Tembo akija, Mzee Kobe huona kucha. Punda milia akija, Mzee Kobe huona kwato. Lakini huyu Ngiri, na ukubwa wake wote, alishuka mpaka chini wakatazamana macho kwa macho. Moyo wa hakimu ukayeyuka kama samli juani.

"Mshtakiwa hakuisumbua mahakama," akasema. "Na ni kosa lake la kwanza. Nampa onyo kali. Ngiri, usirudie."

"Sirudii, baba."

"Na njugu zangu?" akauliza Bi Kanga.

"Binti yangu, Mungu atakupa nyingine."

Haukupita muda, Bwana Ngiri akaingia shambani kwa Bi Pimbi. Fuku, fuku, fuku! Akafukua viazi. Kacha, kacha, kacha! Akavila. Bi Pimbi akashtaki. Hondohondo akapaaza: "Kooorti!" Bwana Ngiri akapiga magoti. Ti! "Nimekula, baba yangu. Shetani alinipitia."

"Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi, "hili si kosa lake la kwanza."

"La kwanza kwenye viazi," akasema Bwana Ngiri, pua ikiwa chini.

Mzee Kobe akafikiri. "Ni kweli. Lile lilikuwa la njugu. Hata hivyo, leo nampa onyo kali zaidi."

"Onyo kali zaidi likoje, mheshimiwa?"

"Ni lile lile, ila nalisema kwa sauti." Akajaza pumzi. "USIRUDIE!"

"Sirudii, baba."

Akarudia. Safari hii alikula shamba karibu lote. Akaletwa mahakamani na udongo bado uko puani. Ti! "Nimekula, baba yangu. Nina watoto wananitegemea."

"Hata mimi nina watoto!" akasema Bi Pimbi.

Mzee Kobe akamtazama kwa upole. "Binti yangu, usiwe na moyo mgumu. Adhabu kali haioteshi viazi vilivyokwisha kuliwa. Mkosaji ni kama mgonjwa. Mgonjwa hapigwi, hubembelezwa. Onyo kali!"

Walipotoka, Bwana Ngiri akamcheka Bi Pimbi, ngroo, ngroo, ngroo. "We kadogo, mbona unajichosha? Wewe una kesi, mimi nina magoti. Yale matuta mawili yaliyobaki yamwagilie vizuri. Nakuja."

Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, na mvua ilikuwa mbali. Matuta mawili yalikuwa ndiyo chakula chote alichobaki nacho Bi Pimbi. Yakiliwa hayo, watoto wake hawataiona masika.

Bi Kanga akamwambia, "Shoga yangu, tuhame."

"Tuhame, tumwachie ardhi aendelee kuichimba? Hapana, shoga. Acha nikae nifikiri."

Akakaa juu ya jiwe lake, akawa anamtazama Bwana Ngiri kule bondeni. Bwana Ngiri alikuwa anakula majani makavu ya kandokando ya njia. Bi Pimbi akamtazama anavyokula majani. Akamtazama anavyochimba mizizi. Akamtazama tena, kisha akaruka juu kama aliyekalia siafu.

"Shoga! Umemwona anavyokula?"

"Nimemwona akila njugu zangu zote, sitaki kumwona tena."

"Basi Mzee Kobe hajamwona hata mara moja. Na lazima amwone."

"Atamwonaje? Mzee Kobe akianza safari ya bondeni leo, atafika tumeshazeeka."

"Kama Mzee Kobe hawezi kuufuata wizi," akasema Bi Pimbi, "basi wizi umfuate Mzee Kobe."

Nyuma ya ule mwamba wa mahakama, Mzee Kobe alikuwa na tikiti. Tikiti moja tu. Alilipanda mwenyewe, akalimwagilia kwa maji aliyobeba mdomoni, tone kwa tone. Kila siku baada ya kesi alikwenda kulipiga kwa mguu, du, du, akalitegea sikio. "Bado," husema, na kuondoka akitabasamu.

Bi Pimbi akamfuata Bwana Ngiri shimoni.

"Bwana Ngiri, nimekuja kwa heri. Kula unachotaka, lakini nakuomba, lile tikiti la nyuma ya mahakama usiliguse."

Masikio ya Bwana Ngiri yakasimama. "Tikiti gani?"

"Lile kubwa. Jekundu ndani, lina maji matamu mpaka unafumba macho. Usiliguse, ni la hakimu. Ukiligusa utafungwa."

"Nifungwe mimi? Na Kobe?" Ngroo, ngroo, ngroo! "Kadogo, huyo Kobe nikimpigia magoti huwa karibu aniombe radhi yeye."

"Mimi nimekuonya."

"Na wewe unatoa maonyo? Haya, toa jingine kwa sauti!"

Bi Pimbi akapaaza sauti: "USILE TIKITI LA HAKIMU!" Bi Kanga akasikia. Hondohondo akasikia. Bonde zima likasikia. Bwana Ngiri akacheka mpaka akalala ubavu, kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kulitafuta tikiti.

Bi Pimbi akapita njia ya mkato juu ya mawe, akamkuta Mzee Kobe anamaliza kesi.

"Mheshimiwa, nimekuja kujifunza. Umeniambia nina moyo mgumu. Hebu tutembee kidogo huku nyuma, unieleze habari za huruma."

Mzee Kobe akafurahi sana. Hakuna aliyewahi kumwomba amweleze chochote. Wakatembea, kwata... kwata... kwata, na Hondohondo akafuata nyuma. "Huruma, binti yangu," akasema Mzee Kobe, "ni kumtazama mkosaji machoni. Ukimtazama machoni utajua kama amejuta. Kwa mfano Ngiri. Yule..."

Wakazunguka mwamba. Mbele yao, amewapa mgongo, alikuwa Bwana Ngiri. Amepiga magoti. Kichwa chini. Matone yanamdondoka usoni, do, do, do.

Mzee Kobe akasimama. "Unaona! Yuko peke yake, hakuna hakimu, hakuna karani, na bado anatubu! Analia machozi!"

"Sogea kidogo, mheshimiwa."

Kwata.

"Kidogo tena."

Kwata. Sasa wakasikia. Chwaka, chwaka, chwaka!

Bwana Ngiri akageuza uso. Uso wote mwekundu, mbegu zimemganda puani, ganda la tikiti limemning'inia kwenye jino. Alipomwona hakimu wala hakuhangaika kupiga magoti, maana alikuwa ameshapiga.

"Nimekula, baba yangu," akasema, huku anatafuna. "Shetani alinipitia."

Mzee Kobe akayatazama yale magoti. Akalitazama ganda. Akayatazama magoti tena.

"Kumbe," akasema polepole, "ndivyo unavyokula!"

"Ndivyo anavyokula siku zote, mheshimiwa," akasema Bi Pimbi. "Ndivyo alivyokula njugu, ndivyo alivyokula viazi. Kwenu ninyi alikuwa anatubu. Kwetu sisi alikuwa mezani."

Hapo mlango wa hasira ukafunguka. "Anyongwe!" akapiga kelele Mzee Kobe. "Atupwe mtoni! Anyongwe tena!"

"Mheshimiwa, nianze na lipi?" akauliza Hondohondo.

"Lakini ni kosa lake la kwanza," akasema Bi Pimbi kwa adabu. "La kwanza kwenye tikiti."

"Amekula tikiti LANGU!"

"Mungu atakupa jingine, baba."

Mzee Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba. Akarudisha na miguu. Wakamsubiri mpaka kivuli cha mwamba kikahama. Ndipo sauti ndogo ikatoka mle ndani.

"Bi Pimbi. Vile viazi vyako, navyo ulikuwa umevipigia hesabu ya kuvila?"

"Watoto wangu walikuwa wameshanawa mikono, mheshimiwa."

Kichwa kikatoka taratibu.

"Nilidhani natoa huruma," akasema Mzee Kobe. "Kumbe nilikuwa natoa viazi vya watu."

Bwana Ngiri akaona mambo yanageuka. Akajikaza chini zaidi. "Nisamehe, baba! Usininyonge!"

"Sikunyongi. Maiti halimi. Utalima shamba la Bi Pimbi, utalima la Bi Kanga, utalima mashamba ya wote uliowalia, kiangazi chote mpaka mvua ianze. Kila mwenye shamba atakusimamia. Chakula chako ni majani ya njiani."

"Nimekoma, baba! Tazama, nimepiga magoti!"

"Naona," akasema Mzee Kobe. "Basi ukiwa hapohapo chini, anza."

Fuku, fuku, fuku!

Yale matuta mawili yalipona, na watoto wa Bi Pimbi walikula kidogo kidogo mpaka masika. Mvua ilipoanza ikakuta udongo umelainika kama unga. Mwaka ule viazi vilikuwa vinene kama mapaja ya mtoto mchanga, na Bi Kanga akakosa pa kuweka njugu. Hata Mzee Kobe alipelekewa kikapu, akala mpaka shingo ikakataa kuingia ndani. Bwana Ngiri peke yake ndiye aliyelalamika. Alimwambia kila aliyepita kwamba mahakama za siku hizi hazina utu.

Ngano yangu imefika kwao, imenawa miguu, imelala. Asiyeipenda asiiamshe.

Na funzo lake ni hili, ndugu zangu. Ukidhulumiwa, na mwizi akaachiwa aende zake, usinung'unike, wala usimkosee hakimu heshima. Kaa kwa utulivu, umsubiri naye aibiwe. Na kama anachelewa kuibiwa, chondechonde, usimwelekeze mwizi njia. Mwonye tu.